Demensia ya kliniki na demensia ya mtaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila habari mpya ya demensia, yaani ugonjwa wa kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, inapotangazwa redioni au kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. "Watafiti wamegundua kwamba…" Wamegundua kwa nani? Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Kila jibu linasomeka peke yake, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Utafiti wa kliniki ni upi, na wa jamii ni upi?

Utafiti wa kliniki huanza na watu waliokwisha kufika hospitalini. Mgonjwa ameletwa, ameandikishwa, daktari amemwona, kisha anaombwa kushiriki. Utafiti wa jamii huanza na orodha ya watu wote wa umri fulani katika eneo fulani, wazima kwa wagonjwa, na hapo watafiti ndio wanaobisha hodi.

Mfano wa karibu ni ule wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa 2013. Wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, katika vijiji sita, walipimwa huko huko wanakoishi. Baada ya kurekebisha kwa umri, ilionekana kwamba 6.4% yao wana demensia. Idadi hiyo usingeipata kwenye daftari la kliniki yoyote, hata ulipekue mwaka mzima.

Mgonjwa ni mgonjwa. Kwa nini mahali alipopatikana pawe na maana?

Kwa sababu safari ya kwenda kliniki inachuja watu. Fikiria bibi wa miaka 82 anayesimulia kisa kile kile mara tatu kabla chai haijapoa. Nyumbani watasema ni uzee. Hakuna atakayeuza mbuzi apate nauli ya kumpeleka hospitali ya rufaa. Hata pale wazee wanapotibiwa bure, nauli, chakula cha njiani na siku ya kazi ya yule anayemsindikiza vinatoka mfukoni mwa familia. Wengine watapita kwanza kwa mganga au kwenye maombi, na wengi hawataendelea zaidi ya hapo. Akifika zahanati atapimwa presha, atapewa vidonge, atarudi nyumbani.

Sasa nani anavuka vizuizi vyote hivyo? Mara nyingi ni mtu wa miaka 58, kwa sababu katika umri huo familia hushtuka. Au ni yule anayetukana wakwe na kutoka usiku bila nguo, maana hilo halifichiki. Au ni mhasibu mstaafu aliyeanza kukosea hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye ana binti mjini mwenye gari na simu ya daktari. Ukichunguza mia ya watu wa namna hiyo ukaandika "wagonjwa wa demensia wako hivi", umeandika kweli tupu kuhusu waliovuka. Yule bibi hayumo.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1946 Joseph Berkson wa hospitali ya Mayo Clinic, mjini Rochester, Marekani, alionyesha kwa hesabu jinsi wagonjwa wa hospitali wanavyoweza kukufanya uone uhusiano kati ya magonjwa mawili ambao nje ya hospitali haupo. Miaka 50 baadaye, katika mji huo huo, wagonjwa wa Alzheimer (aina mojawapo ya demensia) waliofika kwa rufaa walilinganishwa na wale wa mjini kwa jumla. Wa rufaa walikuwa vijana zaidi na wenye elimu zaidi.

Kwa hiyo matokeo ya kliniki ni ya uongo?

Hapana. Ni ya kweli kwa wale waliopimwa. Kosa huja pale mtu anapoyahamisha mazima mazima bila kuuliza ni sehemu ipi inahamishika. Nyingine huhama vizuri tu, tazama swali la "Ni yapi basi yanayohama salama?"

## Kasi ya ugonjwa na miaka ya kuishi

Mama amekutwa na upungufu mdogo wa utambuzi. Je, lazima ugeuke demensia?

Si lazima, na hapa ndipo tofauti ya kliniki na jamii inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Upungufu mdogo wa utambuzi ni hali ya mtu anayesahau kupita wenzake wa umri wake huku bado anajimudu: anapika, anahesabu chenji, anajua njia ya kwenda sokoni.

Kwa miaka mingi takwimu iliyozunguka ilikuwa kwamba 10% hadi 15% ya watu hao huingia kwenye demensia kila mwaka. Hiyo ilitoka kliniki. Mwaka 2009 watafiti wa California walifuatilia watu 111 wenye hali hii, baadhi wakitoka kliniki na baadhi wakiwa wametafutwa katika jamii. Wa kliniki waligeuka kwa kasi ya 13% kwa mwaka. Wa jamii, 3%.

Nini kilileta pengo hilo? Sehemu kubwa ilielezwa na jambo moja: wa kliniki walipoanza tu kufuatiliwa, shughuli zao za kila siku zilikuwa zimeshaanza kuyumba zaidi. Kwa lugha nyingine, watu hawaendi kliniki kwa sababu wanasahau. Wanaenda kwa sababu kusahau kumeanza kuharibu mambo. Wote wawili wana jina moja la ugonjwa kwenye cheti, lakini mmoja ameshatembea nusu ya njia.

Tafiti za jamii pia zimeona mara kwa mara kwamba baadhi ya waliopewa jina hili hupimwa tena baadaye wakakutwa sawa. Huenda siku ile walikuwa na msongo, usingizi mbaya, au dawa iliyowachanganya. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa mama si "asilimia ngapi?" bali "shughuli zipi zimeanza kumshinda?"

Mtu huishi miaka mingapi baada ya demensia kuanza?

Kuna takwimu mbili za Kanada zinazotoka kwenye utafiti mmoja, na zimetofautiana maradufu. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa afya ya wazee ulipohesabu kwa kawaida, wastani wa kati ulikuwa miaka 6.6. Mwaka 2001 hesabu zikarekebishwa, zikashuka hadi miaka 3.3.

Sababu yake ni hii. Ukiingia gesti usiku mmoja bila taarifa, mgeni wa mwezi mzima utamkuta. Wageni wa usiku mmoja mmoja, wengi wao umewakosa. Vivyo hivyo anayekwenda kutafuta watu ambao tayari wana demensia atawakuta wale wanaoishi nayo muda mrefu. Waliofariki haraka hawapo wa kuhesabiwa.

Ona kwamba huu ulikuwa utafiti wa jamii, si wa kliniki. Kuwafuata watu majumbani hakukulindi na kila kosa. Kliniki nayo ina tatizo hili hili, na juu yake lile la uchujaji tulilolieleza kwenye swali la pili.

## Ndani ya ubongo

Si demensia ni Alzheimer tu?

Alzheimer ni aina inayoongoza, lakini ile picha safi ya vitabuni, ya ubongo wenye protini za amiloidi na tau na basi, ni ya kliniki zaidi kuliko ya mtaani.

Kituo cha Rush, Chicago, kiliweza kulilinganisha hili moja kwa moja, kwa kuwa kina makundi ya aina zote mbili. Kwa upande mmoja ni wagonjwa wa kliniki yao ya kumbukumbu. Kwa upande mwingine ni watawa, mapadre na mabruda wa Kikatoliki waliokubali tangu miaka ya 1990 kupimwa kila mwaka na kutoa ubongo wao baada ya kufa, pamoja na wazee wa kawaida wa eneo hilo walioahidi vivyo hivyo. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba wa kliniki walikuwa na Alzheimer kali zaidi na magonjwa adimu mengi zaidi. Kwa wa jamii, mchanganyiko ndio uliotawala, hasa Alzheimer pamoja na makovu ya viharusi, vikiwemo viharusi vidogo ambavyo mwenyewe hakuwahi kujua kama vilimpata.

Uingereza nayo ilikuwa imetoa onyo lake 2001. Bongo 209 za wazee walioteuliwa kutoka jamii zilichunguzwa. Miongoni mwa waliokuwa na demensia, 64% walikuwa na dalili za kutosha kuitwa Alzheimer. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa na demensia kabisa, 33% walikuwa nazo pia. Theluthi nzima ya watu waliokufa na akili zao timamu! Ukikaa kliniki huwaoni hawa, kwa sababu hawana la kuwapeleka huko.

Hilo lina maana gani kwa matibabu?

Kubwa. Kama demensia ya mtaani ina mkono wa mishipa ya damu ndani yake, basi presha, kisukari na sigara vinastahili nafasi kubwa kuliko ile vinayopewa na tafiti zinazowaondoa wenye viharusi mlangoni. Na kuna zinazowaondoa waziwazi: mradi maarufu wa picha za ubongo wa ADNI, ulioanza Marekani 2004, haukupokea watu wenye alama za juu za ugonjwa wa mishipa. Wengi wa washiriki wake ni Wazungu, na kwa wastani walikuwa wamesoma miaka 16 hivi, yaani kiwango cha digrii. Lengo lao lilikuwa kuiona Alzheimer peke yake, na hilo ni halali. Tatizo ni sisi wasomaji tunaochukua picha zao na kudhani ni za babu zetu.

## Vipimo

Kipimo kina usahihi wa 90%. Mbona kinasema wazima wengi ni wagonjwa?

Kwa sababu usahihi haukai ndani ya kipimo peke yake. Unategemea pia unampima nani. Tufanye hesabu. Tuseme kipimo kinawakamata 90% ya wagonjwa na kuwaacha salama 90% ya wazima.

Kliniki yenye watu 1,000 ambao nusu yao wana demensia kweli: kitawakamata wagonjwa 450 na kuwasingizia wazima 50. Ukiambiwa unayo, uwezekano kwamba ni kweli ni 90%.

Sasa kichukue hadi kijijini, kwa wazee 1,000, ukitumia kile kiwango cha Hai cha 6.4%. Wagonjwa ni 64, na kitawakamata 58. Wazima ni 936, na kitawasingizia 94. Jumla ya walioambiwa "unayo" ni 152, na wenye ugonjwa kweli ni 58 tu, yaani 38%. Kipimo hakijabadilika hata kidogo.

Ndiyo maana kampeni za kupima kila mzee kwa karatasi moja chini ya mwembe zinanitia wasiwasi, hata nia ikiwa njema. Kipimo cha namna hiyo kinafaa kuwa mlango wa kwanza, nyuma yake pakiwa na mtaalamu wa kuhakikisha. Kama mtaalamu hayupo, mnagawa hofu.

Mzee asiyesoma anapimwaje kwa haki?

Vipimo vingi vya kliniki vilitengenezwa kwa watu waliokwenda shule: nakili mchoro huu, andika sentensi, toa saba kutoka mia, kisha saba tena. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atafeli akiwa mzima wa afya.

Kuna waliolifanyia kazi. Huko Hai ilitumika CSI-D, hojaji inayompima mzee na pia kumhoji ndugu anayeishi naye, ili alama za mtihani zisibaki peke yake. Baadaye mradi wa IDEA, uliofanyika humo humo Kilimanjaro, ukatengeneza kipimo kifupi zaidi. Mzee anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, akumbuke orodha ya maneno, aeleze daraja ni nini. Badala ya kuchora, anapewa njiti za kiberiti apange umbo kama aliloonyeshwa. Njiti za kiberiti kila jiko limezizoea.

Kilichonivutia ni kwamba kipimo hiki kilijaribiwa hospitalini na kijijini pia, badala ya kujaribiwa wodini kisha kudhaniwa kwamba kitafanya kazi kila mahali.

Na kipimo kipya cha damu?

Kinatia moyo. Utafiti wa Sweden wa 2024 ulipima damu ya wagonjwa 1,213 wenye malalamiko ya kumbukumbu, wakiwemo wa vituo vya kawaida vya afya na si wa bingwa pekee. Kipimo kilitambua Alzheimer kwa usahihi wa karibu 91%, wakati madaktari wa vituo hivyo walipata 61% na mabingwa 73%.

Mambo mawili ya kushika. Kwanza, wote hao walikuwa na malalamiko. Kumpima mtu asiyelalamika ni suala jingine, na ile hesabu ya kijiji hapo juu inarudi. Pili, figo zikidhoofika protini ambazo kipimo hiki huzitafuta hupanda kwenye damu hata kama ubongo hauna lawama, na wazee wenye presha na kisukari cha muda mrefu wana figo za namna hiyo.

## Dawa

Dawa mpya zinazoondoa amiloidi zitamfaa mzee wangu?

Lecanemab, mojawapo ya dawa hizo, ilijaribiwa kwa watu 1,795 wenye Alzheimer ya hatua za awali kabisa, kwa miezi 18. Ugonjwa haukusimama, kasi yake ilipungua, tofauti ikiwa alama 0.45 kwenye kipimo cha alama 18. Marekani iliipa kibali kamili Julai 2023.

Swali la jamii ni nani angeruhusiwa kuingia kwenye jaribio lile. Watafiti wa Mayo waliwachukua watu 237 wa utafiti wao wa jamii ambao walikuwa na amiloidi na dalili za awali, yaani wale hasa ambao ungedhani dawa imetengenezwa kwa ajili yao, wakawapitisha kwenye masharti ya jaribio. Waliobaki ni 8%. Wengine waliondolewa na alama za vipimo, magonjwa mengine waliyokuwa nayo, au picha za ubongo zilizoonyesha damu ilishavuja. Sharti hili la mwisho si urasimu: dawa yenyewe inaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu.

Kwa hiyo wale wengine 92% jaribio halikuwagusa. Anayewaambia dawa itawafaa anakisia, na anayewaambia haitawafaa anakisia pia.

## Afrika na kwingineko

Ni kweli Waafrika hawapati sana demensia?

Utafiti unaotajwa sana ni ule uliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, kwa kufuata watu nyumba kwa nyumba katika miji yote miwili na kwa njia zile zile. Visa vipya vya demensia kwa mwaka vilikuwa 1.35% Ibadan na 3.24% Indianapolis. Ulichapishwa 2001.

Uzuri wake ni kwamba haukutumia daftari la hospitali. Ungetumia, Ibadan ingeonekana karibu haina ugonjwa huu, na tungeimba wimbo huo hadi leo. Pengo lilibaki hata hivyo, na lina maelezo mengi yanayowezekana, yakiwemo chakula, mishipa ya damu, na nani anafikia uzee. Jeni (chembe ya urithi) ya APOE e4, ambayo kwa Wazungu huongeza sana hatari ya Alzheimer, mwanzoni haikuonyesha uhusiano kwa Wayoruba, na hata baadaye ulipoonekana ulikuwa hafifu zaidi. Kile 6.4% cha Hai nacho hakitofautiani sana na vya nchi tajiri. "Waafrika" ni wengi mno kuwekwa kwenye sentensi moja.

Kwa nini takwimu nyingi ni za nchi tajiri?

Kuna kundi la watafiti lililojipa jina la 10/66 kwa ajili ya swali hili. Walipoanza, chini ya 10% ya tafiti za jamii zilielekezwa kwa ile 66% ya wagonjwa wanaoishi katika nchi zinazoendelea.

## Maswali ya wabishi

Utafiti wa jamii hauna kasoro?

Nao unazo nyingi. Watu wanakataa kushiriki, na mara nyingi wanaokataa ndio wagonjwa zaidi, au ndugu wanawaficha. Pia neno "jamii" linaweza kudai kisichokuwemo. UK Biobank, utafiti mkubwa wa afya wa Uingereza, iliwaalika watu zaidi ya milioni 9 na wakaja kama 500,000, karibu 5.5%. Hawakutoka kliniki, ni kweli, lakini waliojitokeza walikuwa na afya na hali bora kuliko wenzao waliobaki nyumbani.

Kisha kuna suala la nani anaulizwa. Vigezo vya kawaida vya kitaalamu vinataka ndugu aseme kwamba uwezo wa mzee umeshuka. Katika nyumba ambayo mzee hapiki, hashiki fedha wala haendi sokoni kwa sababu wakwe na wajukuu wanafanya yote, ndugu atajibu kwa moyo safi kwamba hakuna tatizo. Kundi la 10/66 liliona vigezo hivyo vikiwakosa wagonjwa wengi katika nchi zinazoendelea.

Ni yapi basi yanayohama salama?

Kwa uzoefu wa kusoma tafiti hizi, jinsi kitu kinavyofanya kazi huhama vizuri kuliko kiasi chake. Jeni adimu inayosababisha Alzheimer katika miaka ya 40 itafanya hivyo Moshi kama ilivyofanya Boston, na bila kliniki tusingeijua, maana kijiji kizima kinaweza kisiwe na hata mgonjwa mmoja wa aina hiyo. Namna ya kumtuliza mgonjwa anayehangaika jioni nayo huhama, ukirekebisha mazingira.

Zisizohama bila kupimwa upya ni asilimia, kasi, miaka ya kuishi, mpangilio wa visababishi, na maana ya jibu la kipimo.

Mzee wangu hafanani na mtu yeyote aliyetafitiwa. Tuanzie wapi?

Anzeni na yale yanayotibika, kwa sababu hayo hayasubiri utafiti: sonona, kuchanganyikiwa kwa ghafla kutokana na maambukizi, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, Virusi vya Ukimwi, masikio yasiyosikia, na dawa zinazogongana. Hospitali ya wilaya inaweza kuangalia mengi ya hayo.

Mpelekeni na mtu anayeishi naye, si yule aliyekuja jana kutoka mjini. Andikeni mambo matatu manne aliyokuwa akiyaweza mwaka jana na sasa yanamshinda, pamoja na yalianza lini na kama yalikuja polepole au kwa mkupuo. Na bebeni mfuko wa dawa zote anazomeza, za hospitali, za dukani na za mitishamba.